Zako au Zake

Jumatatu, Machi 10
Shajara hii nimeletewa na kampuni inayoniuzia dawa za minyoo. Kila ukurasa una picha ya ng'ombe mnene asiyefanana na ng'ombe yeyote wa Kajiado. Za miaka mingine niliwaachia wateja waandikie namba za simu. Hii nimeichukua mwenyewe kwa sababu nimekasirika, na hapa dukani hakuna wa kumwambia ila magunia ya chumvi ya ng'ombe.

Jana nilienda nyumbani Kajiado kumsaidia mama yetu, Yeyo, kupanga vitu kabla mvua haijaanza. Chini kabisa ya sanduku lake la bati, mahali anapoweka shuka za kuvaa harusini, nikakuta diski za Papa, baba yetu. Zile nyeusi za plastiki za kompyuta za zamani, zimefungwa kwa kamba ya katani. Tumezitafuta tangu tumzike! Humo ndimo kilimokuwa kitabu chake cha hadithi, *Ndama wa Mvua*, kilichomfanya mwalimu Parsaoti ajulikane mpaka Namanga. Nakala zilizochapishwa zimeisha. Moja iliyobaki nyumbani imeliwa na mchwa, imebaki mwanzo na mwisho. Na sasa kanisa limejenga maktaba mjini Kajiado, litaiita kwa jina la Papa, na mdogo wangu Allan amewaahidi wazee kwamba siku ya ufunguzi, mvua zikiisha, kitabu kitakuwa mezani kikiwa kipya.

"Yeyo, mbona hukusema ziko hapa?"

"Mliniuliza? Mliuliza makarani wa shule."

Ndivyo alivyo. Ukimuuliza kitu anakujibu kingine, halafu anaenda kuangalia mbuzi.

Jumatano, Machi 12
Nimezipeleka kwa Ouma, mwenye saiba, duka la intaneti, hapa nyuma ya duka langu. Ni mtu mzima, ana kitambi na miwani, lakini alizishika diski akacheka kama mtoto.

"Mama Lorna, hii ni floppy! Watoto wangu wanadhani hii ni picha tu ya kusevu. Umetoa wapi, museum?"

"Nimetoa kwa mama yangu. Unaweza kusoma ama huwezi?"

"Niko na kila kitu hapa, isipokuwa tundu ya kuingiza hii."

Ijumaa, Machi 14
Mawingu yamekaa juu ya Kitengela siku nzima, hayakudondosha hata tone. Nimeuza dawa ya kupe.

Jumatano, Machi 19
Ouma amepata kisomeo cha diski mjini Nairobi, mtumba. Kinanguruma ajabu. Anasema nisitie chumvi, sauti ndiyo dalili ya uhai.

Jumamosi, Machi 22
Imefunguka! Imefunguka vibaya.

Faili iko, inaitwa NDAMA, lakini kila neno limekatwa mkia. Herufi ya mwisho ya kila neno imegeuka kuwa kijisanduku. Neno "ndama" linaonekana "ndam□", "mvua" linaonekana "mvu□". Ouma alijikuna kichwa, akauliza mtandaoni, akarudi na jibu. Papa aliandika kwa WordStar, programu ya kuandikia ya enzi zile, na WordStar ilikuwa na tabia ya kutia alama ya siri kwenye herufi ya mwisho ya kila neno. Programu za leo haziijui alama ile. Bila WordStar yenyewe, tutabaki kubahatisha.

Nilimwambia tubahatishe basi, Kiswahili si nakijua? Tukajaribu hadithi ya kwanza. Mistari michache iliendelea vizuri, halafu nikakwama. "Mbuzi wak□" ni wako ama wake? Lugha yetu hii imeweka mambo yake yote muhimu mkiani.

Katikati ya hadithi ya pili kisomeo kikakwama na diski ikakataa kuendelea.

Jumanne, Machi 25
Ouma amepakua WordStar mahali fulani kwenye mtandao. Ilikuwa virusi. Saiba imefungwa leo na wanafunzi wamenung'unika mlangoni pake, nami nimejifanya simjui.

Jumatano, Aprili 2
Mvua imeanza kwa fujo. Barabara ya kuja dukani ni tope la kuvua viatu. Wafugaji wamefurahi, mimi nimefurahi kwa sababu kupe wamefurahi.

Jumamosi, Aprili 5
Leo nimekuta nisichokitafuta.

Ouma alinichapia kurasa zile chache tulizookoa ili nizisome polepole. Kabla ya hadithi ya pili kuna mstari unaoanza kwa nukta mbili. Si wa hadithi. Ni mtu anazungumza na mtu:

.. Paash□ hadith□ n□ zak□ lakin□ jin□ liw□ lang□

Inabidi niandike hapa Paashe ni nani. Papa alikuwa na rafiki Mkikuyu wa Ngong, Hiram Ngigi, mwenye duka la kupiga chapa. Papa alimpa ndama jike. Kwetu Wamaasai ukimpa mtu ndama mkaelewana, hamuitani tena kwa majina. Wewe unamwita Paashe, naye anakuita Paashe, na urafiki umefungwa hapo. Hiram alikuwa na kompyuta dukani, na Papa alitumia ile ya shuleni kwake. Diski ilikuwa ikisafiri kati ya Kajiado na Ngong, Papa anaandika ya kwake, Hiram anasahihisha.

Halafu wakakosana, nami nilikuwa msichana mdogo. Papa alituambia sababu, akairudia kila Krismasi mpaka alipokufa: Hiram alitaka kuweka jina lake kwenye kitabu kisicho chake. Tangu hapo kwetu jina la Hiram lilitamkwa kwa kutema mate. Alipokuja mazishini Allan alimzuia langoni.

Na sasa ushahidi huu hapa, kutoka mdomoni mwake. *Paashe, hadithi ni zako, lakini jina liwe langu.* Mwizi kaandika wizi wake mwenyewe!

Nilimpigia Allan simu. Alipiga kelele ofisini kwao mpaka nikasikia watu wakimuuliza kama kuna msiba.

"Hii tunasoma siku ya ufunguzi," alisema. "Watu wajue Papa alipigania nini."

Jumapili, Aprili 13
Nimemweleza Yeyo kwa Kimaa, taratibu, kwamba tumempata Hiram. Alikuwa akikosha vibuyu vya maziwa. Hakuinua uso.

"Mmempata wapi?"

"Kwenye diski, Yeyo. Ameandika mwenyewe."

"Haya," alisema, na kuendelea kukosha. Nilidhani ni uchungu.

Jumatatu, Aprili 21
Pasaka imepita na mvua. Ouma ametafuta WordStar mpaka amechoka. Anasema ni mzee tu aliyeitumia zamani na asiyetupa vitu atakayekuwa nayo. Tukatazamana. Namjua mzee mmoja wa namna hiyo.

Jumamosi, Mei 3
Nimetoka Ngong. Naandika haya nikiwa bado na koti la mvua.

Nilienda nikiwa na karatasi ile kwenye mkoba, nimeikunja vizuri. Nilikuwa nimejipangia: kwanza anifungulie diski kwa programu yake, halafu nimuwekee karatasi mezani, nimwangalie uso. Duka lake liko nyuma ya soko, amelibadilisha kuwa la vifaa vya shule, na mwanawe Wamaitha ndiye anayeuza siku hizi. Mzee alikuwa chumba cha nyuma, amevaa sweta la mikono mirefu, redio iko sikioni.

"Wewe ni msichana wa Paashe," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Mimi ni binti ya mwalimu Parsaoti."

"Si ndiyo hiyo nimesema. Ingia, utanyeshewa. Wamaitha! Leta chai ya mgeni."

Kompyuta ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, maua mekundu na kijani, kama ambavyo watu hufunika televisheni. Alikivua taratibu. Aliwasha, ikalia, ikawaza, ikalia tena, na skrini ikaja nyeusi yenye maandishi ya kijani.

"Hii haijui mtandao," alisema, "ndiyo maana haijafa."

Akaingiza diski. Mashine ile kuukuu ikasoma mpaka pale kisomeo cha Ouma kilipokwama, ikapita, ikaenda mpaka mwisho bila kuguna. Na maneno yote yalikuwa na mikia yao. Nilimwambia asimame kwenye nukta mbili. Hapo ndipo nilipotoa karatasi yangu na kuiweka karibu na kikombe chake.

"Soma, mzee. Soma uliyoandika."

Alisogeza miwani. Hakusoma karatasi, alisoma skrini, kwa sauti, kidole kikifuata.

.. Paashe hadithi ni zake lakini jina liwe langu

Zake. Nilisogea. Niliikaribia skrini mpaka pua ikaguswa na joto lake. Ilikuwa e. E ya kijani, wala haikuwa na wasiwasi wowote.

"Zake nani?" niliuliza. "Na hii ni wewe umeandika!"

"Mimi? Jina langu liko wapi kwa kile kitabu? Endelea chini."

.. Paashe mimi sichapi mpaka jina la mama Naserian liwekwe
.. Paashe watu watasema nini nikikaa nyuma ya mke wangu? Rudisha diski zingine

Mama Naserian ni Yeyo. Naserian ni mimi.

Hiram alinieleza. Mstari ukianza na nukta mbili, WordStar inauona lakini haiutoi kwenye karatasi. Ndipo walipokuwa wakisemezana, yeye na Papa, kwa sababu hapakuwa na simu. Walijua hautachapishwa kamwe. Papa alichukua diski zake, akatafuta mpiga chapa mwingine, na hakurudi tena Ngong.

Nikakumbuka. Sikutaka kukumbuka lakini nikakumbuka. Jioni zote zile, Yeyo anafukiza kibuyu kwa mti wa oloirien huku akisimulia, mimi na Allan miguuni pake, na Papa kwenye kiti chake na kalamu. Kila mara anamkatiza: "Rudia hapo." Yeyo anarudia. Mimi nilidhani anampima kama anasimulia sawasawa. Nilidhani yeye ndiye mwenye hadithi na mama ni mwanafunzi!

Nimedanganywa tangu utotoni, tena na mtu niliyemwamini kuliko kitabu chochote. Kila Krismasi tulikaa pale tukamchukia mzee wa watu kwa kosa alilolikataa, na aliyelifanya ndiye alikuwa akitukatia nyama.

Nilimgeukia Hiram pia. "Mzee, ulikuwa na mdomo. Mbona ulinyamaza miaka hii yote?"

"Nilikuwa napigia kanisa chapa," alisema. "Ningesema, ningekosa kazi. Na nilisema mambo ya bwana na bibi si yangu." Akavuta mikono ya sweta mpaka vidoleni kama aliyepigwa baridi. "Sikufanya vizuri, msichana wangu."

Hakufanya. Lakini alinichapia zote, mpaka mistari ya nukta mbili, akiiondolea nukta ili itokee. Printa yake ina kelele za mashine ya kusaga. Aliniachia pia nakala ya WordStar, na ya kitabu kizima kwenye diski isiyokwama.

Jumapili, Mei 4
Sikwenda kanisani. Sikutaka kusikia mtu akimtaja Papa.

Jumamosi, Mei 10
Kwa Allan, mjini. Nilimwonyesha. Alisoma, akakaa kitini, akafungua kola.

"Hii si mzuri, sister."

"Si nzuri, najua. Sasa tuweke jina la Yeyo."

"Maktaba iko na kibao tayari. Wazee wamekubali. Nikienda kuwaambia saa hii…"

"Sijasema kibao. Kitabu, Allan. Jina lake kwenye kitabu."

Alizikunja karatasi, akanirudishia. Halafu alishika mkono wangu. "Sawa. Kitabu nitaweka. Nitumie faili, mimi nitapeleka kwa wachapaji. Nakuapia."

Nilimtumia.

Jumapili, Mei 18
Nyumbani. Majani yamerefuka mpaka magotini na ng'ombe wamependeza, karibu wafanane na wale wa shajara. Nilimkuta Yeyo nje.

"Yeyo, takwenya," nilimsalimu.

"Iko," aliitikia. "Mbona umekuja na uso huo?"

Nikamwambia hadithi ni zake. Nilidhani atalia, ama atakana. Alinitazama kama mtu anayesubiri mteja amalize kupunguza bei.

"Hiram amekuambia?"

"Nimejua," nilisema. Sikutaka kumsomea ule mstari. Ni mbaya sana kuusikia.

"Ndiyo, ni zangu. Na za mama yangu. Unadhani baba yako alizitoa wapi, chuo cha walimu?"

"Na wewe ukatuacha tumchukie Hiram!"

"Nilikuwa nangoja," alisema, "nione kama kuna mmoja wenu atakayejua bila kuambiwa. Mlikuwa mmekaa pale miguuni mwangu. Masikio yenu yalikuwa wapi?"

Hilo lilinichoma kuliko lote, kwa sababu hakulisema kwa hasira. Nilimuuliza kama anataka jina lake liwekwe kitabuni. Aliangalia mbuzi. Aliangalia mlima. Nilijua nitajibiwa kitu kingine.

"Niwekeni," alisema.

Alhamisi, Mei 29
Mvua inapungua. Nimemuuliza Allan kuhusu kitabu. Anasema kiko kwa mashine.

Jumanne, Juni 3
Allan hashiki simu. Atakuwa na shughuli.

Jumapili, Juni 8
Ufunguzi ulikuwa jana. Jana sikuweza kuandika.

Maturubai mawili, kwaya, wazee wa kanisa, Yeyo mbele kabisa na shuka mpya na shanga zake zote. Nilimkaribisha Hiram, akakaa nyuma karibu na masufuria. Pazia likavutwa na jina la Papa likaonekana ukutani. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi kwa sababu nilikuwa nikingoja kitabu.

Vitabu vikaletwa kwenye boksi. Nikachukua kimoja. *Ndama wa Mvua*, kimeandikwa na mwalimu Parsaoti. Nikafungua ndani. Nikatafuta ukurasa kwa ukurasa, nikidhani labda nimeruka. Mwishoni, kwa herufi ndogo: *Shukrani kwa mke wangu kwa uvumilivu wake.* Papa hakuandika hivyo. Allan ndiye aliyemwandikia marehemu maneno ya kushukuru.

Nilimfuata kando ya turubai.

"Uliniapia."

"Ile mistari ya nukta haichapishwi, si ni wewe ulisema? Mimi nimepeleka vile faili iko." Hakuniangalia. "Naserian, leo ni siku ya Papa. Tutarekebisha baadaye."

Ndugu yangu niliyembeba mgongoni!

Nikarudi mbele. Niliamua nitasimama niseme, liwalo na liwe, na karatasi ya Hiram ilikuwa mkobani. Mchungaji alikuwa anamkaribisha mjane aseme neno. Nikasimama.

"Mchungaji, kabla mama hajasema, kuna jambo…"

Yeyo aliinua mkono kunizuia. Alisimama, akapokea maikrofoni, akaishika kwa mbali kama inauma.

"Huyu msichana wangu anataka kunisifu," alisema kwa Kimaa, na mchungaji akatafsiri. "Anapenda mama yake. Lakini hadithi ni za mume wangu. Mimi nilichemsha chai."

Watu walicheka na kupiga makofi, akina mama wakaimba. Nilibaki nimesimama peke yangu na mkoba wazi. Niliketi. Nilipotazama nyuma kiti cha Hiram kilikuwa kitupu, na hata wali haukuwa umepakuliwa.

Nilimkasirikia Papa, nikamkasirikia Allan, lakini hao wote nilikuwa napigana nao. Yeyo nilikuwa nampigania yeye. Aliniomba mwenyewe. Niwekeni, alisema, halafu akanivua nguo mbele ya Kajiado nzima.

Leo asubuhi, kabla sijarudi Kitengela, nilimkuta jikoni akikoroga uji. Sikumsalimu. Nilimuuliza tu kwa nini.

"Kitabu kimetoka bila mimi," alisema. "Niliona mkononi mwako unavyokigeuza. Sasa ulitaka nimuumbue mwanangu mbele ya watu? Nimvue baba yako nguo, siku watu wamekuja kumvika?"

"Yeye alikuvua wewe."

"Alisahau," alisema. Aliongeza kuni. "Mwanamume akirudia kitu sana, kinakuwa chake. Alikuwa akisoma kile kitabu kanisani anatokwa machozi. Aliamini kabisa. Mimi ningewezaje kumlaumu mtu aliyesahau?"

Nikachukua mkoba wangu. Ningekuwa na busara ningenyamaza mpaka Kitengela.

"Hiyo karatasi uliyotaka kusoma jana," alisema, "ni nini?"

"Si kitu, Yeyo."

"Nisomee."

Nilikuwa bado na hasira, nitasema kweli. Niliitoa, nikaikunjua juu ya meza, nikamsomea ule mstari na kumweleza kwa Kimaa: Papa akimwambia rafiki yake, hadithi ni zake, lakini jina liwe langu.

Mwiko ukasimama kwenye sufuria.

"Nani ameandika hiyo?"

"Papa."

"Mwenyewe? Kabla ya kitabu?"

"Kabla ya kitabu."

"Rudia hapo," alisema.

Nilirudia. Alikuja karibu, akaweka kidole kwenye karatasi, akaniuliza neno lenyewe ni lipi. Nikamwonyesha. Alilishika pale mwishoni, kwenye e, na kidole hakikutoka. Uji ukafurika ukazima moto, hakugeuka.

"Kumbe alijua," alisema. "Mimi nilikuwa nimemsamehe kusahau."